Bafu la chumbani lijaribiwe kwa maji kabla ya kubandikwa marumaru

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ukarabati wa mabafu madogo yaliyo ndani ya vyumba vya kulala, kazi ambayo hapa Dar es Salaam naiona ikianzwa mwishoni. Mwenye nyumba huchagua marumaru na mabomba ya kung'aa, kisha fundi hubandika marumaru hizo juu ya sakafu ileile iliyokuwa ikivujisha.

Bafu la uani likivuja, hasara huishia hukohuko. La chumbani, hata likiwa la mita moja na nusu kwa mbili, limepakana na kitanda na kabati, kwa hiyo unyevu ukipenya, plasta ya upande wa pili huvimba na kumenyuka, na nguo huota ukungu. Marumaru na grauti (saruji laini inayojazwa kati ya marumaru) peke yake hazizuii maji kupenya. Kinachozuia ni dawa maalumu inayopakwa sakafuni na kupandishwa ukutani, hasa kwenye kona na kuzunguka tundu la kutolea maji, kabla marumaru hazijabandikwa. Dawa ikishakauka, tundu huzibwa, sakafu ikajazwa maji ya kina cha sentimita chache na kuachwa hivyo kwa saa 24. Doa likijitokeza upande wa pili wa ukuta au kwenye dari ya chini, kazi irudiwe. Jaribio hilo halina gharama ya maana, ila mafundi wengi hulikwepa kwa sababu linachelewesha malipo. Ndiyo maana nawasihi wenye nyumba wasitoe fedha ya kubandika marumaru kabla hawajaliona jaribio hilo kwa macho yao.

Sakafu nayo iteremke kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na chini yake liwepo bomba lililopinda linalobakiza maji, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande chumbani.

Linalonitia hofu zaidi ni umeme. Shawa ya kupasha maji ya wati 5,500 huvuta takriban ampea 24 katika umeme wa volti 230, lakini wapo mafundi wanaoiunganisha kwenye waya mwembamba wa taa wa milimita za mraba 1.5, bila waya wa kupeleka umeme ardhini, kwa kuwa tu waya wa taa ulikuwa karibu. Waya huo hupata joto ndani ya ukuta bila mtu kujua. Isitoshe, nyumba nyingi za hapa hutumia maji ya visima yenye chumvi, ambayo hula koili inayopasha maji ndani ya shawa na kupitisha umeme kirahisi, na anayeoga amesimama peku kwenye maji. Shawa hiyo inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku cha swichi kuu ya umeme, pamoja na swichi inayokata umeme mara unapovuja kwa miliampea 30.

Anayefunga mifumo ya umeme majumbani anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Fundi aombwe aionyeshe leseni hiyo kabla hajaanza kuchimba ukuta, na asiyekuwa nayo asiguse shawa, hata kama ndiye aliyejenga nyumba nzima.

Msomaji wako,
Dar es Salaam