Longe 5 hupoteza lishe yake kwa chavua ya jirani

Ndugu Mhariri,

Mahindi ya Longe 5, ambayo wakulima wengi huyaita Nalongo, yamo katika mashamba ya Uganda tangu mwaka 2000. Kila yanapotajwa husifiwa kuwa yana protini nyingi. Sivyo. Kilo moja ya Longe 5 ina protini takriban gramu 90, sawa tu na mahindi mengine. Ubora wake uko katika aina ya protini, na asiyelijua hilo huitunza mbegu yake vibaya.

Katika mahindi ya kawaida, zaidi ya nusu ya protini iliyo kwenye sehemu ya wanga ya punje ni zeini. Zeini karibu haina laisini wala triptofani, asidi amino mbili, yaani vijenzi vya protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Ndiyo maana mtoto aliyeachishwa ziwa anaweza kushiba uji mtupu kila siku na bado akadumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waligundua kwamba mahindi yenye jeni iitwayo opaque-2 hupunguza zeini na kuongeza protini nyingine. Laisini hupanda kutoka takriban asilimia 2 ya protini hadi karibu 4.

Mahindi yale ya mwanzo hayakupendwa, na kwa haki. Punje zilikuwa laini kama chaki, nyepesi kwenye mizani, zikioza kwenye gunzi na kutobolewa na fukusi ghalani. Surinder Vasal na Evangelina Villegas wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Mexico, walitumia miaka mingi kuchagua punje ngumu ambazo bado zina laisini, kazi iliyowapa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Longe 5 ni ya ukoo huo, kupitia Obatanpa, aina ya mahindi ya Ghana.

Sasa nije kwenye shamba. Jeni ya opaque-2 hufanya kazi pale tu punje inapoipata kwa mama na kwa baba. Chavua ya mahindi ya kawaida ikitua kwenye ndevu za Longe 5, punje hiyo hugeuka ya kawaida papo hapo, msimu huohuo, japo imekaa kwenye gunzi la Nalongo. Kwa macho huwezi kuitambua.

Kwa anayevuna ili ale, hasara ni ndogo, kwa sababu chavua ngeni huishia zaidi kwenye mistari ya pembeni. Taabu ni kwa anayeweka mbegu. Tuchukulie kila msimu chavua 10 katika 100 zinatoka kwa jirani. Msimu wa kwanza, punje 10 katika 100 zimepoteza ubora. Ukipanda mavuno hayo, msimu wa pili ni karibu 19, wa tatu karibu 27, kwa kuwa mimea iliyochanganyika nayo sasa inamwaga chavua mbovu katikati ya shamba. Kwa misimu yetu miwili ya mvua, huo ni mwaka mmoja na nusu tu.

Wazalishaji wa mbegu hutenga shamba kwa mita 200 au zaidi. Mwenye ekari moja hana mita hizo. Kupishana na jirani kwa wiki tatu au nne ili mbelewele zisitoke pamoja kunawezekana, lakini mvua ikichelewa anayesubiri ndiye anayeumia. Njia ninayoiamini ni kuelewana: majirani wanne au watano wapande Longe 5 kwa pamoja, katika kipande cha mraba, si ukanda mrefu wa kando ya barabara. Mbegu ichukuliwe katikati, mistari kama kumi ya kila upande iachwe iwe ya posho. Chagua magunzi kwenye mimea mingi, mia moja au zaidi, maana kuchukua machache makubwa peke yake hudhoofisha mbegu. Kausha hadi unyevu wa asilimia 13. Baada ya misimu mitatu, nunua mbegu mpya iliyothibitishwa.

Vikundi vya wakulima vinaweza pia kutengeneza kisanduku cha mwanga: sanduku la mbao, taa ndani, kioo juu. Punje zikipangwa kwenye kioo, zile zilizo na kivuli kwa robo hadi nusu ndizo za kuweka. Yenye kivuli kizima ni laini mno. Inayopitisha mwanga wote ishukiwe, huenda imechavushwa na jirani. Kisanduku hakithibitishi lishe, kazi hiyo ni ya maabara inayopima triptofani, lakini kinasaidia kuona mbegu imeanza kuharibika.

Nikiri jambo moja ambalo wapigia debe Longe 5 hulipita kimya: nyumba inayokula posho kwa maharagwe ya kutosha kila siku tayari inapata laisini kwenye maharagwe. Na Longe 5 haileti madini ya chuma wala vitamini A. Faida yake kubwa ni kwa mtoto wa uji, kisha kwa nguruwe na kuku, ambao mfugaji wao anaweza kupunguza mukene (dagaa) kwenye chakula. Kwa hiyo shule au kikundi kinachonunua mahindi haya kwa ajili ya uji wa watoto wadogo kiulize mbegu iliyopandwa ilinunuliwa lini, na kiyasagishe mahindi yake peke yake. Yakimwagwa pamoja na magunia ya wengine, jina la Nalongo litabaki kwenye gunia tu.

Mzalishaji mbegu,
Masindi