Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kodi ya Sigara, Magendo, na Mzigo Unaopotelea Njiani

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada, ukaguzi wa hesabu na uchaguzi wa wajumbe yamo kwenye viambatisho, na mweka hazina atayajibu. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotugawa karibu kila kikao mwaka huu: hoja kwamba chama cha wauzaji kama chetu kidai kodi ya sigara ipunguzwe ili magendo yafe yenyewe. Kamati haikuipitisha, na mnastahili kujua kwa nini.

Kwamba kodi ndiyo inayompa mlanguzi faida, hilo halina ubishi. Pakiti ina sigara 20, katoni ina pakiti 10, kasha lina katoni 50, yaani sigara 10,000. Chukueni Marekani, ambako hesabu iko wazi. Jimbo la New York linatoza dola 5.35 kwa pakiti tangu Septemba 2023, na Jiji la New York linaongeza dola 1.50 juu yake. Kodi ya jimbo la Virginia, ambako mlanguzi hununua, ni senti 60. Ile ya serikali kuu ni sawa pande zote, kwa hiyo tuiache. Tofauti ni dola 6.25 kwa pakiti, sawa na dola 3,125 kwa kasha. Makasha kumi yanaingia nyuma ya gari dogo la mizigo bila shida. Ndiyo maana sheria ya huko imeweka mpaka palepale: ukikutwa na zaidi ya sigara 10,000 zisizo na stempu ya kodi ya jimbo husika, una kesi ya serikali kuu. Kasha moja na sigara moja juu yake.

Sisi tunaolipa tunaumia mara mbili. Mahali pengi ushuru hulipwa kabla mzigo haujauzwa, hivyo sehemu kubwa ya mtaji imelala rafuni katika sura ya kodi. Pakiti ikiibiwa, na kodi yake imekwenda. Halafu anatokea jirani anayeuza pakiti kwa bei iliyo chini ya ushuru peke yake. Hapo hakuna haja ya mpelelezi.

Ila ukubwa wa kodi hautoshi kueleza magendo yanatoka wapi. Mwaka 1993 Uingereza ilisafirisha sigara milioni 13 kwenda Andorra, nchi ndogo ya milimani kati ya Hispania na Ufaransa. Mwaka 1997 zilifika milioni 1,520. Nchi hiyo ilikuwa na wakazi wapatao 65,000. Gawanyeni wenyewe, mtapata zaidi ya sigara 60 kwa siku kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Bila shaka hazikuvutwa huko. Zilivushwa milimani na kurudi kwenye masoko ya jirani, Hispania ikiwa ya kwanza. Hispania haikushusha kodi: ilibana mzigo mkubwa kwenye chanzo na mpakani, na sehemu ya magendo katika soko lake ikashuka kutoka takriban asilimia 15 mwaka 1995 hadi takriban 5 mwaka 1999.

Kanada ilifanya kile ambacho baadhi yenu mnakitaka. Februari 1994 ilikata kodi kwa kiasi kikubwa. Mapato yakaanguka, uvutaji wa vijana ukapanda. Na zile sigara za magendo? Nyingi zilikuwa za Kanada yenyewe, zimepelekwa nje bila kodi kama bidhaa za kuuzwa Marekani, kisha zikarudi kwa boti. Mwaka 2008 kampuni mbili kubwa zilikiri makosa, na faini pamoja na fidia zikapita dola bilioni 1 za Kanada.

Kwa hiyo tatizo letu liko kwenye mzigo wa jumla ambao bado haujalipiwa. Kontena la futi 40 hubeba sigara zipatazo milioni 10, makasha 1,000. Likitolewa kiwandani au kwenye ghala la forodha kama bidhaa ya kupita tu, halina kodi. Karatasi zinaonyesha limevuka mpaka, mihuri imegongwa, dhamana iliyowekwa kwa ajili ya kodi imeachiliwa, na shehena imeshushwa njiani. Afisa akifukuzana na mbeba begi kwenye njia za panya wakati kontena linapita langoni, anakamata makombo.

Dawa iliyokubaliwa kimataifa ni ufuatiliaji. Itifaki ya kukomesha biashara haramu ya tumbaku ilipitishwa Seoul Novemba 2012 na kuanza kutumika 25 Septemba 2018. Ibara ya 8 inataka kila pakiti iwe na namba yake ya pekee, na inakataza kazi ya serikali kukabidhiwa viwanda vya tumbaku. Umoja wa Ulaya ulianza na sigara Mei 2019.

Jinsi mfumo huo unavyoharibika, wanachama wengi hawajui. Namba ya pakiti hufungamanishwa na ya katoni, ya katoni na ya kasha, ili ukisoma kasha moja ujue pakiti zote 500 zilizomo. Mhudumu wa ghala akifungua kasha, akatoa katoni tatu na kulifunga tena bila kuvunja ule muunganisho kwenye kompyuta, rekodi inaendelea kusema 500. Kuanzia hapo kila usomaji ni uongo, na mwenye kosa ataonekana ni wewe uliyepokea. Kosa la pili ni namba halisi kunakiliwa kwenye maelfu ya pakiti bandia. Simu inayosoma namba itasema "sahihi" kila mara, isipokuwa mfumo unaweka kumbukumbu kwamba namba hiyo imekwisha kusomwa mahali pengine. La tatu ni stempu ya gundi hafifu, inayobanduliwa kutoka kwenye pakiti tupu na kubandikwa upya. Stempu nzuri huchanika.

Wakati wa kupokea mzigo, fungueni kasha moja na msome kwanza namba ya kasha, kisha ya katoni, kisha ya pakiti mbili. Zisipofungamana, msisaini. Angalieni onyo la afya: lugha yake na picha yake ni za soko lenu? Linganisheni namba ya ankara na ya stempu.

Neno kuhusu takwimu. Tafiti nyingi huokota pakiti tupu mitaani. Zikiokotwa karibu na mpaka au vituo vya watalii, pakiti halali za wasafiri zinahesabiwa kuwa magendo, na asilimia inavimba. Kabla hatujanukuu takwimu yoyote kwa serikali, tuulize nani amelipia na pakiti ziliokotwa wapi.

Maombi ya kamati kwa mamlaka ya kodi ni matatu: dhamana ya mzigo wa kupita isiachiliwe mpaka forodha ya nchi unakokwenda ithibitishe kuupokea, wauzaji wa jumla wapewe uwezo wa kuvunja na kuunda upya muunganisho wa kasha, na viwanda vizuiwe kumwaga mzigo kwa kodi ya zamani siku chache kabla ya bajeti kupandisha kodi. Anayetaka kuongeza la nne alete kwa maandishi kwa katibu kabla ya kura.