Tusijitoe WTO, tudai waamuzi wa rufaa warudi

Mhariri,

Nimesoma katika safu ya barua maoni ya msomaji mwenzetu aliyeshauri kwamba Tanzania ijitoe katika Shirika la Biashara Duniani, WTO, kwa hoja kwamba ni chombo cha mataifa tajiri na kwamba mkulima wa Muheza hana chake huko Geneva, yaliko makao ya shirika hilo. Naielewa hasira ya ndugu yetu huyo. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimeona mizigo mingi ikikwama kwa sababu ambazo mwenye mzigo hakuelezwa. Hata hivyo naomba nafasi ya kumjibu, kwani ushauri wake ukifuatwa, mkulima huyo huyo anayemtetea ndiye atakayebaki bila kinga.

Anayetaka kuona kanuni hizi zinavyofanya kazi aende Horohoro, mpakani mwetu na Kenya, msimu wa machungwa. Fuso limesimama limejaa hadi juu ya bodi, na ofisa wa afya ya mimea hachukui machungwa ya juu yanayong'aa bali anaingiza mkono chini, anatoa machache, anayapasua kwa kisu na kutazama kama kuna funza wa inzi wa matunda. Akiridhika, mzigo unaendelea na cheti chake cha usafi wa mimea pamoja na cheti cha uasili wa bidhaa. Wengi huona ni usumbufu. Lakini swali la kujiuliza ni hili: ni nini kinachomzuia ofisa wa nchi nyingine kusema kwamba machungwa yetu yote ni mabovu, bila kupasua hata moja? Kinachomzuia ni mkataba wa WTO wa kulinda afya ya binadamu, wanyama na mimea, ulioanza kutumika mwaka 1995, ambao unairuhusu kila nchi kujilinda dhidi ya wadudu na maradhi lakini unaitaka ioneshe ushahidi wa kisayansi na isizuie biashara kuliko inavyohitajika.

Machi 2021 sote tuliona maana ya jambo hilo, pale Kenya ilipofunga mlango kwa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Baada ya siku chache tu zuio lile liligeuzwa kuwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha uasili, na vipimo vioneshe kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Masharti si mepesi kwa mkulima mdogo, nakubali. Lakini sharti linaweza kutimizwa, kupimwa na kubishaniwa, ilhali zuio la jumla halimwachii mtu la kufanya.

Mwenzetu anasema wanyonge hawajawahi kushinda huko. Si kweli. Mwaka 2001 Peru iliishitaki Ulaya kwa sababu ya kanuni ya mwaka 1989 iliyosema kwamba samaki wa kopo anayeweza kuuzwa kwa jina la sardini ni wa aina moja tu, yule anayevuliwa zaidi katika bahari za Ulaya. Viwango vya Codex, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), vilikuwa vinaruhusu samaki wa Peru aitwe sardini mradi jina hilo liambatane na neno la kumtofautisha, na Septemba 2002 Chombo cha Rufaa cha WTO kiliipa Peru ushindi. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Costa Rica iliishinda Marekani katika shauri la nguo za ndani. Hata sasa Afrika Kusini inapambana na Ulaya kuhusu machungwa: ilifungua shauri mwaka 2022 kupinga masharti ya kuyapoza kwa baridi kali kabla hayajaingia sokoni, na mwaka 2024 ikafungua la pili kuhusu ugonjwa wa madoa meusi. Wakulima wa Muheza wana kila sababu ya kufuatilia mashauri hayo, kwa kuwa hoja zitakazoamuliwa ni zile zile watakazokutana nazo siku watakapotaka kuvuka soko la Mombasa na Nairobi.

Wala sitaficha upande wa pili. Antigua na Barbuda, visiwa vidogo vya Karibi, viliishinda Marekani mwaka 2005 katika shauri la michezo ya kubahatisha ya mtandaoni, na mwaka 2007 vikaruhusiwa kulipiza hadi dola milioni 21 kwa mwaka. Lakini kisiwa kidogo kitamlipizia nini mkubwa kama yule bila kujiumiza chenyewe?

Kasoro kubwa zaidi ni ya karibuni, na hapo ndipo ningependa hasira ya mwenzetu ielekezwe. Chombo cha Rufaa kinatakiwa kuwa na waamuzi saba, na kila rufaa husikilizwa na watatu. Marekani ilizuia uteuzi wa waamuzi wapya, chini ya marais wa vyama vyote viwili, hadi Desemba 2019 akabaki mmoja na chombo kikashindwa kusikiliza rufaa mpya. Tangu hapo anayeshindwa mbele ya jopo la kwanza anaweza kukata rufaa kwenye chombo kisicho na mtu, na uamuzi ukabaki kabatini. Nchi 130 zimekuwa zikiwasilisha ombi la kuanza uteuzi, na limekuwa likikataliwa. Mkubwa haumii sana na hali hiyo, kwa kuwa anaweza kutumia ushuru wake kutisha. Anayeumia ni yule ambaye silaha yake pekee ilikuwa sheria.

Jambo moja nilipitie upesi, kwa kuwa hapa Tanga nasikia sana WTO ikilaumiwa kwa bei ya mkonge: WTO haipangi bei hiyo. Haijawahi kuwa kazi yake. Kahawa ilikuwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1962 uliogawa mgao wa mauzo, na mgao huo ulivunjika mwaka 1989. Mkonge haukupata kamwe mkataba wenye nguvu ya namna hiyo. Tusiilaumu WTO kwa asichoahidi mtu.

Badala ya kujitoa, serikali yetu ifanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Mwaka 2020 baadhi ya wanachama walianzisha mpango wa muda wa kusikilizana rufaa kwa usuluhishi, na Benin, nchi maskini kama sisi, ni miongoni mwao. Gharama za mawakili zisiwe kisingizio, maana tangu mwaka 2001 Geneva kuna kituo cha ushauri wa sheria za WTO ambacho nchi zenye maendeleo duni, ikiwamo Tanzania, zina haki ya kukitumia kwa ada ndogo.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. WTO husikiliza serikali peke yake, lakini Arusha mkazi yeyote wa nchi mwanachama, hata kampuni, anaweza kufungua shauri mwenyewe dhidi ya hatua inayovunja Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilimradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Mwaka 2019 mahakama hiyo iliamua dhidi ya Uganda kwa kuzitoza sigara zilizotengenezwa Kenya ushuru mkubwa kuliko za kwake. Ni wafanyabiashara wangapi wa Horohoro wanaojua kwamba wana miezi miwili tu? Na ni wangapi wanaojua kwamba mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa, unapita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani? Naomba orodha hiyo ibandikwe Horohoro mahali ambapo mchuuzi ataiona kabla hajafika dirishani, pamoja na maelezo ya muda wa kwenda Arusha.

Na kwa gazeti lenu ninalo ombi moja: liiulize wizara inayosimamia biashara kama suala la Tanzania kujiunga na mpango wa muda wa rufaa limewahi kujadiliwa, na jibu lake lichapishwe.

Wasalaam,
Wakala mstaafu wa forodha,
Chumbageni, Tanga