Tine naye alikuwepo

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili juu ya mwandishi Multatuli nimeisoma jikoni kwangu hapa Amsterdam, nangoja wali ukauke. Mmemsifu, na sifa zenyewe sizipingi. Mwaka 1856, akiwa ofisa wa serikali ya Kiholanzi huko Lebak, kisiwani Java, alimshtaki mtawala wa kienyeji kwa kuwanyang'anya wakulima nyati wao wa kulimia na kuwatumikisha bure. Wakubwa zake walipomgeuzia kibao, akaacha kazi. Hakuwa amemaliza hata miezi minne pale.

Ila mkewe, Tine, mmempa mstari mmoja tu.

Eduard Douwes Dekker, ndilo jina lake halisi, alimwoa Tine mwaka 1846. Vuli ya 1859 alijifungia katika nyumba ya wageni mjini Brussels, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi akaandika Max Havelaar, riwaya yake juu ya maonevu hayo ya Java. Tine na watoto wao wawili walikuwa wapi? Kwa shemeji, wanakula kwa hisani. Huko ndiko ilikomfikia barua ya Oktoba 13, ya kumwambia kitabu kimekwisha. Nimeisoma barua hiyo, na nakiri kwamba siwezi kumchukia mtu huyu. Ana furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani.

Lakini pesa zikipatikana, zinaishia kwenye kamari huko Ujerumani. Aliamini kabisa kwamba ruleti, lile gurudumu la kamari, ina kanuni, na kwamba yeye ataigundua. Kisha akaja mwanamke aitwaye Mimi, binti aliyempenda kupitia vitabu vyake, mdogo kwake kwa miaka 19. Upo wakati wanawake wote wawili walikaa naye The Hague. Sisi wa pwani uke wenza tunaujua, lakini kwetu mume walau hupanga zamu na kuacha pesa ya matumizi! Tine akachukua watoto akarudi Italia, alikokuwa akiishi nao kabla ya hapo, na mwaka 1874 akafia Venice. Mwaka uliofuata Mimi akaolewa.

Multatuli ni Kilatini, maana yake "nimestahimili mengi". Nikipita daraja la Torensluis, iliposimama sanamu yake, humtazama na kujiuliza jina hilo lilikuwa la nani hasa pale nyumbani.

Picha za Tine zipo. Mkirudia makala hiyo, wekeni mojawapo karibu na ya mumewe.

Mama wa Wawili,
Amsterdam