Mjukuu wangu anang'ata wenzake, na dawa naiogopa

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mkaazi wa Majengo, Pumwani. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi mlangoni pangu, na namlea mjukuu wangu wa kiume wa miaka minne, yuko PP1, darasa la kwanza la chekechea. Mama yake ni kifungua mimba wangu. Alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, na bado hajaumaliza. Baba mtu tumwache.

Mtoto amekuwa mkali. Anang'ata, anarusha viatu, anajibwaga chini katikati ya njia watu wakipita na mikokoteni. Juzi mama mmoja alinijia na mwanawe, hata salamu hakunipa, akampandisha mkono wa sweta: alama za meno zimejipanga mviringo, nyekundu, karibu na kiwiko. Nikaomba radhi, nikamfungia mahamri. Akayakataa. Hapa kwetu mtu akikataa mahamri, jua mambo yamefika pabaya.

Kila mtu ana lake. Jirani anasema ni jicho. Mjomba wake anasema ni bakora tu imekosekana, eti sisi tulichapwa na tukawa watu. Mimi nilichapwa, na nilichojifunza ni kukimbia. Mwalimu wake hakutaja kiboko, na namshukuru. Najua vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, lakini najua pia vingalipo. Yeye alinishauri nimpeleke KISE, ile taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani, akafanyiwe tathmini. Sikatai, ila kabla ya hapo nikapita kliniki. Nesi akamwangalia masikio kwanza, akaniambia kuna watoto ambao baada ya mafua hubaki na maji nyuma ya ngoma ya sikio, hawasikii vizuri, na watu wazima huwaita wakaidi. Ya huyu ni mazima. Basi akanipa kazi: kila akifanya vurugu niandike kilichotangulia, alichofanya, na sisi tulifanya nini baadaye. Nimekuwa nikiandika nyuma ya daftari la madeni, na humo ndimo nilimoyaona haya yanayonikosesha raha.

La kwanza ni duka. Nikishika kikapu tu, mtoto anageuka simba. Anashika leso yangu kwa meno, analia mpaka anatapika. Nilidhani ni deko, mpaka nikamwona siku moja shangazi yake alipomwambia kwa wema kabisa, "Ngoja nikakununulie biskuti." Alimpiga teke. Ndipo nikakumbuka: siku ile ya safari, mama yake alipotoka na begi kuelekea uwanja wa ndege, alimwambia anakwenda dukani kununua biskuti. Alitaka kuondoka bila kilio, na nani angemlaumu? Lakini mtoto amesubiri biskuti hizo mpaka leo. Wakati mwingine nawaza kwamba huyu hana ukaidi wowote, ana kumbukumbu nzuri tu.

La pili ni usingizi, na hapa ndipo niliponaswa. Mwanangu hapewi simu mpaka waajiri wake walale. Saa za Riyadh na za Nairobi ni zile zile, kwa hiyo akipiga saa tano usiku, hapa pia ni saa tano usiku. Mtoto analijua hilo. Anakaa macho, simu ameilalia ubavuni, na hata usiku ambao mama hapigi, yeye huwa ameshangoja. Akishamwona kwenye video hucheka, humwonyesha meno, humwimbia kaswida, kisha picha ikikatika huibusu kioo. Hulala karibu saa sita, na saa kumi na mbili namwamsha kwenda shule. Nesi aliniambia mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo, na kwamba ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Wangu usiku hupata kama saa sita tu. Nikilinganisha na daftari, kung'ata kote ni asubuhi, darasani. Mchana akirudi hulala, na alasiri akienda chuoni, yaani madrasa, ustadh ananiambia hana mtoto mtulivu kumshinda huyu. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani amemchanganya na mwingine.

Sasa nifanyeje, Mshauri? Nikizima simu saa mbili, mtoto atalala, lakini atakuwa amepoteza dirisha moja alilobaki nalo la kumwona mama yake, na huenda akawa mkali zaidi. Nilimgusia mwanangu tupunguze simu za usiku, awe akimtumia ujumbe wa sauti ambao mtoto atausikiliza mchana, na kuonana kwa video wabaki nako usiku wa kuamkia siku asiyokwenda shule. Akanyamaza kwanza, kisha akauliza, "Mama, unataka anisahau?" Sikuwa na jibu, na yeye ndiye anayetulipia kodi na karo.

Nauliza pia kuhusu lile duka. Mtoto wa miaka minne huambiwa ukweli kwa kiasi gani? Nimefikiria kumwambia wazi kwamba mama hakwenda dukani, yuko kazini mbali, hakuondoka kwa sababu yake, na atarudi. Lakini "mwaka ujao" kwake ni neno tu, na naogopa akianza kunihesabia ahadi nyingine. Na je, nimwambie mimi, au ni haki aambiwe na mama yake mwenyewe?

Mwisho, kuna huyu mama wa mtoto aliyeng'atwa. Ameapa kwenda kwa mwalimu mkuu. Natamani kumweleza, ila sitaki mambo ya mwanangu yawe habari ya foleni ya maji. Nimwambie kiasi gani?

KISE nitampeleka, nimeshaamua, ili tusiache jambo. Ninachotaka kwako ni mpango wa humu nyumbani wa wiki hizi za kungoja, na maneno ya kumwambia mwanangu yasiyomvunja moyo akiwa peke yake kule.

Wako,
Nyanya wa Majengo, Nairobi