Shoga, usimfunike shuka, anaomba kulishwa

Tabata, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Vipi hali, shemeji na watoto hawajambo? Huku kwetu salama, joto tu ndo linatuua na umeme umekatika toka magharibi, nimekaa kibarazani na simu nikuandikie kwa urefu maana zile voisi zako nilizisikilizia kwenye daladala, konda anaita abiria, redio iko juu, sikuambulia kitu, nimekuja kuzirudia sa hivi. Na ile vidio ya Bosi, huyo kasuku wako mpya, nimeitazama mara sita.

Yaani ile sauti niliijua hata kabla sijamuona vizuri. Kajikunyata kwenye kijiti, mabawa kayaachia yanatetemeka, shingo inapanda inashuka, na kile kilio cha chinichini kama kitoto kilichoachwa mlangoni. Ndege wa miaka tisa! Naelewa kwanini umeogopa. Ila uliposema shemeji anaona anadeka tu, afunikwe shuka mpaka anyamaze, roho imeniuma, naomba usimfunike. Anaomba kulishwa yule, vilevile alivyokuwa anaomba akiwa kinda.

Kasuku akianguliwa hana manyoya wala haoni, mzazi wake anakuja na chakula alichokwisha kukilainisha ndani ya gole, kile kifuko cha chakula cha shingoni, anaudaka mdomo wa kinda kwa mdomo wake halafu wanaanza kusukumana, huyu anapandisha yule anameza, kichwa kinaenda juu chini kama sindano ya cherehani. Pembeni ya mdomo wa kinda pana vijinyama laini, ukivigusa tu kwa kidole kichwa kinaanza kwenda chenyewe. Na usidhani wakishaota mabawa mambo yanaishia hapo. Kwa kaka yangu Msasani wapo wale cherero, vikasuku vidogo vya shingo ya njano, kwao asili ni Dodoma huko lakini hapa Dar wapo miaka mingi, nilikaa siku moja nikamwona mmoja anaruka vizuri kabisa kamfuata mzazi wake kwenye waya, anamlilia anamlilia mpaka akalishwa. Kuruka kashajua, kula ndo bado anajifunza, na mzazi hamfukuzi.

Sasa hawa wetu wa kulelewa kwa mkono wanapewa uji kwa bomba la sindano au kijiko, na anayewalea mara nyingi ana haraka ya kuuza. Kasuku wa kijivu kama Bosi anaacha kulishwa kwenye miezi mitatu minne hivi, wengine wanachelewa zaidi, kila mmoja na siku yake, ila mtu anaangalia kalenda badala ya kumwangalia ndege, anakata uji ghafla. Yule ndege atakua, ataongea, atapiga mluzi, lakini siku akitikiswa anarudi kulekule. Na Bosi katikiswa haswa, wenyewe wamehamia Mwanza, nyumba aliyoizoea imepotea, sauti zote zimepotea, ana wiki mbili tu kwako. Hata kuugua au kunyonyoka manyoya kunaweza kumrudisha utotoni.

Nalijua hili kwa Limau wangu. Nilimnunua kwenye duka moja la ndege, nikaambiwa huyu kokateli, kasuku mdogo wa kishungi, kashaacha uji, anakula mbegu mwenyewe, nami nikaamini. Usiku kucha analia, kichwa kinampigapiga, jirani ananiambia ukimzoesha hivo utakoma, basi nikawa nampita tu. Na nilikuwa naona maganda kwenye kibakuli nasema si anakula huyu? Kumbe hali kitu! Siku ya tano nikapuliza yale maganda, chini yake uwele umejaa mzima mzima, mwingine kaumenya akauchezea kwenye ulimi akauacha. Nikampapasa kifuani, shoga, mfupa wa kidari umechongoka kama ukingo wa kisu. Kinyesi chake tone dogo la kijani iliyokolea. Daktari wa mifugo akampima gramu 71, wakati kokateli huwa anacheza 80 mpaka 100, akaniambia huyu alikuwa anakufa njaa mbele ya bakuli lililojaa. Nililia pale pale.

Tukaanza upya, uji wa makinda mara tatu kwa siku kwa kijiko cha chai nilichokikunja pembeni kiwe kama mdomo wa ndege, na mbegu na mboga zikae pale pale muda wote asikose cha kujaribia. Yeye mwenyewe ndo aliyeacha. Kwanza akaukataa wa mchana, baadae wa asubuhi, wa jioni ndo akang'ang'ania karibu mwezi mzima, kisha siku moja akalamba kidogo akaugeuzia mgongo akaenda kwenye mchicha. Sikumkatisha mimi, ndo maana hadi leo hana shida.

Kwahiyo kwa Bosi fanya hivi. Kesho asubuhi kabla hajala mpime kwenye mizani ya jikoni, ile ya dijitali, weka kijiti au bakuli juu yake na uandike. Kasuku wa kijivu wengi wanakuwa kati ya gramu 400 na 550 hivi, lakini la muhimu ni namba yake yeye isishuke, ikipungua sehemu moja ya kumi usingoje, nenda kwa daktari. Halafu jioni, kabla kidogo ya ile saa anayoanza kulia, mpe kitu laini cha vuguvugu kwa kijiko, boga au kiazi kitamu kilichopondwa, pojo zilizoiva, tia na tone la mawese ya Kigoma, michikichi ndo chakula cha kwao huko misitu ya Afrika Magharibi na Kati, utaona macho yanavyomchezacheza. Uji wa makinda haumlazimu kwa umri ule. Bomba la sindano usiguse kabisa, kikienda njia ya hewa umempoteza. Na ukipasha kwenye maikrowevu koroga sana halafu onja kwa mdomo wa chini, kunabaki sehemu ya moto katikati inayounguza gole kwa ndani, wewe huoni mpaka kidonda kimetoka nje. Kikibaki mwaga, na hili joto letu kinachacha haraka. Parachichi marufuku hata kidogo, ni sumu kwao, waambie watoto.

Kuna kitu kingine lazima nikwambie maana kinafanana. Kasuku jike mkubwa anaomba hivi hivi kwa dume wake, kujikunyata, mabawa chini, kulialia, ili alishwe kwa mapenzi, na anaweza kukuchagua wewe kuwa huyo dume. Utamjua kwa kijiko. Mwenye njaa au hofu anakivamia, anasukuma, akishiba anatulia anajichana manyoya. Wa mapenzi kijiko hakimshughulishi, anataka mkono wako, au yeye ndo anacheua chakula taratibu kukupa wewe au kioo chake. Huyo usimgombeze, ila acha kumpapasa mgongoni na chini ya mabawa, mkune kichwa na shingo tu, toa maboksi na vikona vya giza anavyojificha, na mlaze mapema. Ugonjwa nao uko tofauti, anarusha chakula huku na huku kwa kutikisa kichwa, manyoya ya kichwani yananata, kajikunja kajivimbisha analala mchana. Hapo usinipigie mimi kwanza, mpeleke.

Ila kwa nilivyoona ile vidio, na vile ulivyosema anaanza pale mnapozima taa za sebuleni na kila mtu anaingia chumbani, mimi naamini ni hofu na ukiwa. Jaribu kukaa naye dakika kumi kabla ya kuzima. Ongea naye. Akiita kutoka mbali mwitikie kwa mluzi ajue upo, na chakula mpe kabla hajaanza kulia siyo baada, asije akajifunza kwamba kilio ndo mlango wa kijiko.

Na ulifanya vizuri sana kung'ang'ania akabidhiwe pamoja na kibali chake cha maliasili, hawa wa kijivu tangu mkutano wa Johannesburg mwaka 2016 wa CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, wamewekwa daraja la juu kabisa la ulinzi, weka zile karatasi pazuri zisiliwe na panya.

Shemeji mwambie kwa upole, najua kachoka kazini na kile kilio kinaingia kichwani, muombe yeye ndo amlishe kile kijiko cha jioni kwa siku tatu tu. Ule uzito naungoja kesho asubuhi, na ukimpa boga nirekodie vidio nione shingo inavyoenda. Umeme ndo huo umerudi, acha niweke simu chaji.

Shoga yako wa Tabata