Alichosoma babu yako shuleni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Pangani. Sisi hatujambo, na mama yako ameanza kupunguza sukari kwenye chai, kwa shingo upande.

Kwenye simu uliniuliza babu yako alisoma vitabu gani shuleni, ukaniambia mhadhiri wenu ameviita kasumba tupu. Kasumba ilikuwemo, sibishi. Kusema hakikuwemo kitu kingine ndiko nisikoafiki.

Babu yako alianza shule ya serikali miaka ya thelathini. Baba yake alikuwa akiandika barua zake za biashara kwa herufi za Kiarabu, kama watu wengi wa pwani, lakini shuleni elimu hiyo haikuhesabiwa. Vitabu vya hadithi vilikuwa vichache, na vingi vilitafsiriwa kutoka Kiingereza. Mfasiri aliyevuma ni Frederick Johnson, ambaye pia alikuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili cha Afrika Mashariki. Kitabu cha shule kilipita kwao kwanza, na kipimo chao kilikuwa Kiunguja, lahaja ya Unguja. Watu wa Mombasa, wenye Kimvita chao, walinuna; wengine wananuna hadi leo.

Kitabu alichokipenda babu ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya hadithi aliyoiandika Rider Haggard mwaka 1885. Wazungu watatu wanavuka jangwa, wanatafuta almasi. Mwafrika humo ama ni mtumishi mwaminifu, ama askari wa mfalme katili, ama bikizee mchawi. Binti Foulata anampenda mmoja wa wale Wazungu, na mwandishi anamuua upesi, mapenzi yasije yakamtia mashakani. Hapo mhadhiri wenu ana haki kabisa. Mtoto wa miaka kumi na mbili kupewa hicho ajifunzie kusoma, tena katika nchi yake mwenyewe!

Sasa msikilize babu yako alivyokuwa akikisimulia. Hakuanza na Quatermain, yule Mzungu anayeisimulia hadithi kitabuni. Alianza na Umbopa, yule mchukuzi mrefu asiyejishusha mbele ya mtu, ambaye baadaye anabainika kuwa ndiye mfalme halali aliyenyang'anywa kiti. Wazungu kwake walikuwa wapambe, na yule Kapteni Good mwenye meno ya bandia alikuwa wa kuchekesha tu. Katika hadithi ya Haggard, Umbopa akishatawala anatangaza kwamba wafanyabiashara wa Kizungu wenye bunduki na pombe hawataingia tena nchini mwake. Haggard alikuwa mtu wa dola, sidhani alikusudia kumfunza mtoto wa Pangani jambo hilo. Lakini mwandishi hachagui msomaji wake atashangilia wapi.

Halafu usiishie kwenye vitabu. Kulikuwa na Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923. Lilikuwa la serikali, kwa hiyo usitegemee kukuta humo mtu akimkaripia gavana. Ila lilikuwa na habari za wilaya, barua za wasomaji, na ukurasa wa mashairi ambako watu walijibizana kwa vina, huyu akiuliza fumbo, yule akilifumbua kutoka mji mwingine. Shaaban Robert aliandika humo, naye miaka hiyo alikuwa karani wa forodha hapahapa Pangani. Nakala moja ilisomwa barazani kwa sauti, na wasiojua kusoma ndio waliokosoa mizani! Kwa maoni yangu, huko ndiko babu yako alikojifunza kusoma kweli. Darasani alijifunza herufi.

Kwa hiyo kabla hujaandika insha yako, nenda maktaba ya chuo hapo Mlimani, upande wa East Africana wanakohifadhi maandishi ya Afrika Mashariki, uombe majalada ya Mambo Leo. Usianze na tahariri, utasinzia. Anza na mashairi. Ukikuta la mtu wa Pangani, nipigie picha uniletee, maana wazee wa barazani wameshaanza kubishana kabla hata sijawaonyesha chochote.

Nauli ya kuja Idi nitakutumia wiki ijayo.

Baba yako